Mavuno Hayasubiri

Mwezi Mei, vijiji vingi vya bonde la Kilombero hubaki na wazee, wagonjwa na kuku. Wengine wote wako shamba. Wamebeba sufuria, neti, mkeka, chumvi na redio, wakavuka mikondo ya maji kwa mitumbwi au kwa kupandisha nguo mapajani, wakaenda kuishi kwenye vibanda vya nyasi katikati ya mpunga. Watarudi gunia la mwisho likishashonwa.

Bonde hili la mkoani Morogoro limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito inayoteremka pande zote mbili hukutana chini, hufurika wakati wa masika, kisha hupungua na kuacha tope ambalo mpunga unalipenda. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji hutoka hapa, na tangu mwaka 2002 bonde limo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Sifa yake ya zamani zaidi, hata hivyo, ni mpunga. Culwick, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza, na mkewe walipochapisha mwaka 1935 kitabu chao kuhusu Wabena wa bondeni, wakisaidiwa na Mtema (yaani chifu) Towegale Kiwanga, zao hilo lilikuwa limekwisha kuota mizizi katika maisha ya watu wa huku.

Mjini mavuno hupewa sura ya sherehe. Kalenda za benki hupenda picha ya mama anayecheka huku amekumbatia mganda. Aliyewahi kuvuna anajua kwamba ni majuma ya mbio. Ndege wanamkimbiza mkulima, mvua inamkimbiza, punje yenyewe inamkimbiza, na deni linamkimbiza kuliko vyote. Mwisho wa mbio hizo amesimama mtu mmoja asiye na haraka yoyote, naye ni mnunuzi.

Mbio huanza kabla suke moja halijakatwa, kwa kazi ya kuamia ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, yaani punje zikiwa bado laini na nyeupe ndani, watoto na kinamama hupanda madungu tangu alfajiri. Silaha zao ni kombeo, madonge ya udongo, makopo yaliyofungwa kwenye kamba ndefu inayozunguka shamba, na sauti. Kamba ikivutwa upande mmoja, makopo hulia upande wa pili. Hakuna kupumzika kwa zamu ndefu, maana ndege wana tabia ya kungoja dungu liwe kimya.

Adui mkubwa ni kwelea kwelea. Ni ndege mdogo, mwenye uzito usiofika hata gramu 30, na kwa siku hula takriban gramu 10 za nafaka. Hilo lingekuwa jambo la kuchekwa kama angekuja peke yake. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, hula tani 10 kwa siku moja. Ndiyo maana serikali hutuma ndege za kunyunyizia dawa kwenye malalo yao jioni, na ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2023 habari za kwelea katika mashamba ya mpunga ya Kisumu zilivuka mipaka ya Kenya. Watu wa Kondoa wana njia yao: humtega, humkausha, humla. Katika hesabu zote za hasara za kwelea, mara chache huonekana gharama moja iliyo wazi kabisa. Mtoto aliye juu ya dungu saa nne asubuhi hayuko darasani.

Maisha ya kibandani yana ugumu wake mwingine. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, mji ambamo utafiti wa magonjwa ya nchi za joto ulianza miaka ya 1950, wamewafuata wakulima mpaka huko mashambani kuchunguza malaria. Mbu ni wengi na zahanati iko mbali. Mtoto akishikwa na homa usiku, safari ya mtumbwi gizani si jambo la kuamua haraka. Neti katika orodha ya vitu vya kuhamia shamba ina heshima sawa na sufuria.

Kisha mpunga hukomaa, na hapo ndipo saa huanza kuhesabu kweli. Maofisa ugani hushauri kuvuna wakati punje 80 hadi 85 kati ya kila 100 kwenye suke zimegeuka rangi ya majani makavu. Ukivuna mapema zaidi, unapata punje changa zinazosagika kuwa unga mashineni. Ukichelewa, punje hupukutika chini zenyewe, au hupigwa na umande usiku na jua mchana mpaka zinapata nyufa ndani zisizoonekana kwa jicho. Nyufa hizo hujitokeza siku ya kukoboa: badala ya mchele mrefu, zinatoka chenga. Anayesema haraka haraka haina baraka hajawahi kuwa na ekari tatu za mpunga uliokomaa huku mawingu yakijikusanya Udzungwa.

Wakulima wamejifunza kuidanganya saa hiyo kidogo. Anayeweza hapandi mbegu ya aina moja. Hugawa shamba kati ya mbegu ya kuwahi na ya kuchelewa ili mpunga wote usimwite siku moja. Mbegu za kienyeji zina majina yanayoonyesha kwamba waliozipa majina walikaa nazo: Shingo ya Mwali, Rangi Mbili, Wahiwahi, Tule na Bwana. Supa ndiyo inayopendwa sokoni kwa harufu yake, lakini ni ndefu, na upepo wa mvua ya mwisho ukiipitia hulala chini majini. SARO 5, mbegu iliyotolewa na watafiti wa Tanzania mwaka 2002 na kuandikishwa kwa jina la TXD 306, ni fupi zaidi, inasimama, inazaa vizuri kuliko Supa na bado ina harufu kiasi. Imeenea sana. Hata hivyo utamkuta mkulima amepanda SARO 5 kwa ajili ya soko, na kipande cha Supa karibu na kibanda kwa ajili ya wageni na sikukuu. Uamuzi huo hauhitaji semina.

Kukata kwenyewe ni kazi ya kuinama. Mkono wa kushoto hukusanya mashina, mundu huingia chini, konzi hulazwa juu ya visiki vilivyobaki ili masuke yasiguse maji. Wakataji wazuri hawaongei sana asubuhi. Mchana hufungwa miganda, na jioni miganda hukusanywa karibu na turubai, kila mmoja ukilazwa masuke ndani na mashina nje ili mvua ikinyesha ghafla iteleze. Turubai ni mali. Mwenye turubai huazimwa na jirani, na mkulima asiye nalo hupigia mpunga kwenye ardhi iliyosakafiwa kwa udongo, kisha hulipa deni la uamuzi huo kwa mawe madogo ndani ya mchele. Wanunuzi wa mjini wanaolalamika juu ya mchanga kwenye wali wangeuona mzizi wa lalamiko lao hapo: bei ya turubai moja.

Kupiga mpunga kuna midundo yake. Wengine hushika mganda kwa mikono miwili na kuubamiza kwenye gogo au pipa mpaka suke linabaki tupu. Wengine hurundika miganda na kuizunguka kwa fimbo, watu wanne au sita wakipokezana ili fimbo zisigongane. Vumbi la mpunga huwasha shingoni na kwenye mikunjo ya mikono, na hakuna kuoga kunakolimaliza siku hiyo. Baadaye hupepetwa. Mwanamke husimama mahali palipoinuka, beseni likiwa usawa wa bega, akimwaga polepole huku akiufuata upepo kwa mwili wake. Upepo ukigeuka, naye hugeuka. Punje nzito huanguka miguuni, pepe na makapi huenda mbali, na katikati hubaki mstari wa punje nusu nusu ambao utapepetwa tena kwa ungo jioni, kwa sababu hakuna anayetupa kitu msimu huu.

Vibarua hulipwa kwa fedha au kwa mpunga wenyewe, kwa debe, kulingana na mapatano. Malipo ya mpunga yana faida kwa pande zote mbili: mwenye shamba hana fedha taslimu siku hiyo, na kibarua, ambaye mara nyingi ni mwanamke asiye na shamba la kutosha, anajipatia chakula cha miezi. Nyuma yao huja waokotaji wa masazo, wazee na watoto, wakiinua suke moja moja lililosahauliwa. Msomaji wa kitabu cha Ruthu katika Biblia hahitaji kuelezwa zaidi.

Mpango huo unabadilika. Kombaini ndogo za minyororo ya mpira, zilizotengenezwa Asia kwa ajili ya matope ya mpunga, sasa zinaonekana Kilombero, Mbarali mkoani Mbeya, na Mwea nchini Kenya. Kazi ya kundi la watu kwa siku kadhaa inamalizika kabla chai haijapoa. Mwenye ekari nyingi hushukuru, na ana haki ya kushukuru: mpunga wake haupukutiki, haulali nje, hauibiwi usiku. Aliyekuwa akilipwa debe kwa kukata na kupiga hana cha kushukuru. Kuikataa mashine ni ndoto, lakini kuisifu bila kuuliza yule mama anakula nini mwezi Desemba ni uvivu wa fikra.

Dini zimeliona jambo hili la mavuno kwa macho makini kuliko mipango mingi ya maendeleo. Katika Uislamu zaka ya mazao hutolewa mavuno yanapopatikana, na kiwango chake kinafuata jasho: sehemu moja ya kumi kwa shamba lililonyweshwa na mvua, sehemu moja ya ishirini kwa shamba ambalo mwenyewe amegharimika kulimwagilia. Gharama ya uzalishaji imo ndani ya hukumu. Makanisani huletwa malimbuko, na baada ya ibada kuna mnada ambapo jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara tatu, kwa kuwa kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Ndoo ya mchele mpya nayo hupiga safari kadhaa. Watu hucheka sana siku hiyo. Fedha ziko mikononi kwa muda mfupi.

Muda huo ni mfupi kweli. Ndizo wiki ambazo bati jipya hupanda juu ya nyumba, bodaboda hununuliwa, harusi hufuatana na ngoma hulia. Pia ndizo wiki za ugomvi. Kinamama ndio walioamia ndege, waliokata, waliopepeta. Gunia likishapakiwa, hesabu huhamia kwa baba, na baba huweza kuhamia baa ya senta kwa siku tatu. Si ajabu basi mama kumwekesha jirani madebe mawili matatu kabla magunia hayajahesabiwa. Wanaume huita huo wizi. Ni bima.

Lakini sehemu kubwa ya mavuno huwa imekwisha kuondoka kabla ya bati wala baa. Desemba na Januari, wakati wa kulima na kupanda, ndio wakati ghala la nyumbani limekauka. Mkulima anahitaji fedha ya trekta, ya dawa ya magugu, ya sare za shule zinazofunguliwa Januari. Anamwendea mwenye fedha, na mwenye fedha anatoa, kwa ahadi ya kulipwa mpunga siku ya mavuno. Mpunga unauzwa ukiwa bado kijani, wakati mwingine haujaota. Bei iliyokubaliwa Januari ni bei ya mwenye njaa. Mwezi Juni, mkopeshaji anakuja na magunia yake matupu, anasimama pembeni ya turubai, na kile kilichopepetwa asubuhi kinaingia kwenye gari mchana.

Asiye na deni hukutana na mnunuzi wa kawaida. Huyu anachota konzi, anapuliza, anatia punje moja mdomoni na kuing'ata.

"Mama, mpunga huu bado mbichi."

"Mbichi wapi, mwanangu? Jua lote la wiki hii limeishia hapo."

"Unalia kwenye jino, lakini haulii vizuri. Nitautoa maji mwenyewe, tutaelewana kwenye bei."

Mama hana kipimo cha unyevu. Kitaalamu mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25 na hutakiwa kushuka mpaka asilimia 14 au chini yake ndipo uhifadhiwe bila kuota ukungu. Jino la mnunuzi ndilo linaloamua iwapo umefika huko, na jino hilo halijawahi kukosea kwa hasara yake mwenyewe.

Kisha linakuja suala la gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku na sheria ya vipimo. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hurudia tangazo hilo kila msimu. Shambani, mbali na barabara, gunia hujazwa mpaka mdomoni, likatiwa debe la nyongeza, likashindiliwa, kisha mshonaji akalivisha kilemba cha kiroba kingine na kulishona kwa kamba kwa ustadi wa kupendeza. Kinachoitwa gunia moja kwenye hesabu si gunia moja kwenye mizani. Mizani ingemaliza mjadala kwa dakika moja, na ndiyo sababu haipo.

Aliyebahatika kufikisha mpunga wake mashineni mjini Ifakara ana nafasi bora kidogo. Wenye mashine wengi humwachia mkulima aweke magunia ghalani mwao bila malipo, kwa sharti kwamba akoboe hapo hapo. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 60 hadi 65 za mchele, na zinazobaki ni maganda na pumba. Uani pa mashine huwa soko: madalali, wapiga debe, wanunuzi kutoka Dar es Salaam wanaopeleka mchele soko la Tandale, na simu zinazouliza bei ya leo. Aliyeweka gunia lake Juni na kuliuza Desemba au Januari kwa kawaida hupata bei tofauti kabisa na ile aliyopewa pembeni ya turubai. Mpunga ni ule ule. Kilichoongezeka ni subira, na subira inauzwa kwa wenye fedha ya akiba.

Hapo mfano wa Mwea, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, unafaa kutazamwa. Skimu hiyo ilianzishwa katikati ya miaka ya 1950 kwa nguvu kazi ya wafungwa wa vita vya Mau Mau. Kwa miongo kadhaa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, mkulima alikuwa mpangaji kwenye ardhi aliyoilima, akiwajibika kuukabidhi mpunga wake kwa Bodi na kungoja malipo baada ya makato. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waligoma, wakaupeleka mpunga kwenye ushirika wao. Walichodai ni haki ya kuamua mpunga uende wapi na lini. Mwea haikugeuka paradiso. Madalali wapo, na mchele wa pishori wa Mwea hughushiwa madukani kama mchele wa Kyela unavyoghushiwa Dar es Salaam. Lakini ushirika wenye mashine yake na mikopo yake umempa mkulima pa kusimama siku ambayo bei haimridhishi.

Tanzania ina sheria ya stakabadhi za ghala tangu mwaka 2005. Mpango wenyewe ni rahisi kueleza: mkulima anaweka mpunga ghalani, anapewa stakabadhi, benki inampa mkopo kwa dhamana ya stakabadhi hiyo, mpunga unauzwa bei ikipanda. Kinachoushinda ni siku. Mkulima anataka fedha kesho asubuhi, ghala liko mbali, mpunga ambao haujakauka vizuri unakataliwa, na mkopo unachukua majuma. Zaidi ya hayo, kusubiri nako kuna hatari yake. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru ili kushusha bei mijini, na waliokuwa wameweka mpunga wakingoja faida walibaki na magunia na hasara. Mtu wa namna hiyo humwambia jirani yake, na jirani husikia.

Kwa hiyo ukali wa maneno dhidi ya wakulima "wasiojua kuweka akiba" haufai. Wanajua bei ya Januari kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu wengi wao ndio wanaorudi dukani Januari kununua mchele kwa kilo.

Halmashauri za mikoa ya mpunga hukusanya ushuru wa mazao kwenye vizuizi, gunia kwa gunia. Sehemu ya fedha hiyo irudi kijijini: sakafu ya kuanikia, kipimo cha unyevu kwenye ofisi ya kijiji, mizani iliyokaguliwa, ghala linalofikika kwa baiskeli, na malipo ya awali yanayotolewa siku ileile mpunga unapopokelewa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji utafiti mpya wala mfadhili kutoka mbali. Kazi ianze kiangazi, wakati barabara zinapitika.